Nilivyojifanya Nimemuosha Sele

Mliosoma gazeti hili wiki jana mnajua nilikuwa nimeingia mpaka magotini. Ambaye hakusoma nitampa kwa kifupi, maana aibu yangu haina haja ya kurefushwa.

Mimi ni Zainab, miaka sabini na tatu, nimepanga chumba kimoja hapa Kiuu. Zamani, Thika, nilikuwa nafua na kupiga pasi nguo za Chania Souls, bendi ya Sele. Ndiye huyo wa "Mvua ya Mugutha", aliyeimba soul kwa Kiswahili mpaka wanaume wa kiwandani wakajipangusa macho na kusingizia vumbi la pamba. Alikufa mwaka wa 1988.

Mwaka huu akaja Becky Odongo, msichana wa chuo kikuu. Anaandika kitabu juu ya Sele na anakusanya vitu vyake vya kuwekwa kwa maonyesho, Thika. Mimi sikuwa na kitu cha Sele hata kimoja. Kwa hivyo nikampa vitatu.

Viatu vilikuwa vya marehemu mume wangu. Maikrofoni iliachwa na kanisa fulani lililohama plotini kwetu kwa haraka. Na koti, lile jekundu la vifungo vya kung'aa, nililichagua mwenyewe kwa mitumba ya Thika, Jumanne asubuhi, bado linanuka dawa ya beli.

Mtauliza kwa nini. Nilifika darasa la saba tu, na maisha yangu yote jina langu limeandikwa mahali pawili, kwa kitambulisho na kwa kadi ya kliniki. Nilitaka pa tatu pawe ndani ya kitabu.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikieni kilichofuata.

Becky alilishika lile koti na glavu nyeupe, kama mkunga anayepokea mtoto.

"Shosh," akasema, ndivyo vijana wa hapa wanavyomwita nyanya, "kuna sehemu moja kwa fomu lazima nijaze. Koti lilitoka aje kwa Sele likafika kwako?"

"Lilitembea."

Hakucheka. Watu waliosoma sana hawacheki wakiwa na kalamu mkononi.

"Nahitaji kuandika njia. Ni zawadi, ulinunua, ama uliachiwa?"

Nikafikiri haraka. Kwetu Waislamu, mtu akifa, nguo zake mara nyingi hupewa yule aliyemuosha. Nikaona hiyo ni njia safi, haina risiti.

"Niliachiwa," nikasema. "Mimi ndiye nilimuosha alipokufa. Kwa mikono hii."

Becky akaitazama mikono yangu kama ni ya kuwekwa kwa maonyesho pia. Akaandika. Halafu akaniuliza kama maji yalikuwa moto au baridi, nikamwambia ya vuguvugu, akaandika hilo nalo.

Yeye ni mtoto wa Waluo wa kiwandani, Mkristo, hakujua alichoandika. Mimi nilijua. Kwetu mwanamume huoshwa na wanaume. Mwanamke wa kumuosha ni mke wake. Na mimi sikuwa mke wa Sele. Nilikuwa mke wa pasi yake.

Lakini nikajiambia, nani atasoma?

Alisoma mjane.

Becky, kwa adabu zake, alibeba ile sura ya kitabu mpaka Murera akamsomea Sumeya, mke wa Sele, kusudi ahakikishe majina na tarehe. Alipofika kwa maji ya vuguvugu, Sumeya akamwambia asimame hapo. Halafu akamwambia, "Nipeleke kwa huyo."

Walifika Alhamisi, saa tisa mchana. Becky mbele na simu yake ya kurekodi. Nyuma yake Sumeya, magoti yamekwisha, anatembelea fimbo, anashikwa mkono na bintiye Hayat. Nilikuwa na kiti kimoja kizuri na kigoda kimoja kifupi sana. Kiti nikakikalia mimi.

Sumeya akateremka kwa kigoda polepole, mfupa kwa mfupa. Nikamtazama mpaka akafika.

"Za siku nyingi, Zainab."

"Nzuri, Sumeya. Umezeeka."

"Tumezeeka. Umesema ulimuosha mume wangu."

"Nasema mambo mengi. Nina mdomo na sina redio."

"Hili ulisema?"

"Alisema, mama," Becky akaingilia. "Nimerekodi."

Sumeya akaweka fimbo magotini. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha, maana mtu anayepiga kelele unaweza kumfanyia mzaha.

"Asubuhi aliyokufa nilikuwa hospitali. Huyu Hayat alizaliwa asubuhi hiyo hiyo. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, mume ameshazikwa. Nikaambiwa Mzee Abdulnasir wa msikitini alimuosha, nikashukuru. Miaka sita baadaye Mzee Abdulnasir akawa mahututi, akaniita. Akaniambia, mimi sikumuosha Sele, nilisikia harufu ya pombe nikaondoka, unisamehe. Nikamuuliza, basi aliosha nani? Hakujua. Sijui nani alikuwa naye akikata roho. Sijui nani alimfumba macho. Sijui kama alioshwa, ama alifungwa sanda hivyo hivyo na jasho la jukwaani. Nataka kujua siku ile ilikwendaje, Zainab. Sina haja nyingine duniani."

"Pole," nikasema.

"Wewe unajua mwanamke hawezi kumuosha mwanamume asiye mume wake."

"Najua."

"Basi ni moja kati ya mawili. Wewe ni mwongo, ama wewe ni mke mwenzangu. Chagua."

Becky akainua kichwa. "Ngoja kwanza. Kumbe ukisema ulimuosha, ni kusema alikuwa bwanako? Shosh, mbona hukuniambia? Hiyo ni sura nzima ya kitabu."

Nikapiga hesabu yangu. Nikisema mimi ni mwongo, koti linatoka, viatu vinatoka, na Zainab anatoka kitabuni. Nikisema mke, naongezewa sura.

Wanawake wengine huchagua mume akiwa amesimama. Mimi nilimchagua wangu akiwa kaburini miaka thelathini na sita.

"Mke mwenza," nikasema.

Hayat akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa.

"Lini?"

"Mwaka wa themanini na sita. Kimya kimya. Mashahidi wote wamekufa."

"Alikuwa analala kwako lini?"

Hapa ningeweza kusema sikumbuki. Lakini nitawaungamia ukweli, ndiyo kazi ya gazeti hili. Huyu Sumeya enzi zile alikuwa akipita mlangoni kwangu na baibui jipya, mimi nimejaa povu mpaka viwikoni, anasema "hujambo" bila kungoja jibu. Nilikuwa na hilo jibu bado.

"Jumatano," nikasema.

"Jumatano alikuwa akiniambia ana mazoezi."

"Yalikuwa mazoezi."

Becky akaangalia chini. Ile fimbo ikaanza kutetemeka magotini mwa Sumeya, tik tik tik. Nikafurahi. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa, nilifurahi.

Hayat akaniuliza, "Kwa hivyo nikuite mama mkubwa ama mama mdogo?"

"Niite tu Zainab, mwanangu."

"Mimi si mwanao."

"Hata wa kambo?"

"Hayat, nyamaza," mamake akasema. Akanigeukia. "Sawa. Kama uliosha, nieleze ulivyoosha."

Hilo nililiweza. Nimewaosha wanawake wengi, mama yangu akiwa wa kwanza. Nikamweleza polepole, kwa heshima. Nilivyomfunika kutoka kitovuni mpaka magotini. Nilivyoanza upande wa kulia. Nilivyorudia mara tatu, na kafuri kwenye maji ya mwisho. Kila nililosema, Sumeya aliitikia kwa kichwa. Becky aliandika mpaka kalamu ikamwishia wino akatoa nyingine. Hata mimi nikaanza kumwona Sele pale mezani, nikapata machozi mawili hivi ya kweli.

"Na kile kidonda cha mgongoni," Sumeya akasema, "ulikiosha aje?"

"Kwa upole. Kilikuwa kimeanza kukauka."

"Hakuwa na kidonda."

Kalamu ya Becky ikasimama.

Nje, Wamboi wa chumba cha pili alikuwa amesimama na beseni tupu, anajifanya anaenda kuanika. Alikuwa ameanika hilo beseni nusu saa nzima.

"Shosh?" Becky akasema.

Niliona jina langu linatoka kwenye karatasi herufi moja moja. Mtu akiwa anazama hushika chochote, na kilichobaki karibu yangu kilikuwa ukweli. Nikaushika.

"Sawa. Mimi sikumuosha. Na sikuwa mkewe. Aliyemuosha ni Mutisya."

"Mutisya gani?" Hayat akauliza.

"Mpiga ngoma wa bendi," Becky akajibu. "Lakini Mutisya ni Mkamba. Ni Mkristo."

"Ndiyo maana sikusema."

Nikawaeleza, na kwa mara ya kwanza tangu Becky aanze kunitembelea sikuongeza chumvi. Sele alianguka mle chumbani nilimokuwa napigia pasi. Kifua kilimbana, akafa. Mzee Abdulnasir akaitwa, akafika mpaka mlangoni, akavuta pua, akasema yeye haoshi pipa la pombe. Wale wengine waliposikia amekataa yeye, nao wakapata shughuli. Jua linakwenda, na maiti haingoji. Mutisya alikuwa amekaa kwa ndoo iliyopinduliwa, ametoka kunywa naye usiku kucha. Akaniambia, "Zena," ndivyo bendi walivyoniita, "wewe unajua kuosha. Mimi ni mwanaume. Niambie, nifanye."

Nikasimama nje, uso ukutani. Yeye ndani. Nikamwambia, kulia kwanza. Akasema, kulia kwangu ama kwake? Nikasema kwake. Akaniuliza sikio lioshwe mara ngapi. Nikamwambia. Nilisikia maji yakimwagika na yeye akilia, na kila akilia ananiomba msamaha kwa kusahau hesabu. Tukaanza tena. Dua nilimsomea marehemu kutoka nje. Halafu nikawaambia wanaume Mzee Abdulnasir alirudi na ameshamaliza, wakaja wakamchukua.

"Hivyo ndivyo alivyooshwa," nikamwambia Sumeya. "Na mpiga ngoma, kwa sauti ya dobi."

Sumeya alikuwa amefumba macho.

Becky ndiye aliyesema. "Mutisya yuko hai. Anakaa Mugutha. Nilimhoji mwezi jana, na hakuniambia chochote kama hicho."

"Mpigie," nikasema. Nilisema kwa nguvu, maana mara hii nilikuwa na shahidi asiye kaburini.

Akampigia, akaiweka simu juu ya meza sote tusikie.

"Mzee Mutisya, ni Becky. Samahani kukusumbua. Nauliza, wewe ndiye ulimuosha Sele alipokufa?"

Nikasikia kuku upande wake.

"Mimi? Nimuoshe Mwislamu? Madam, mimi ni mzee wa kanisa. Siku hiyo nilikuwa kwetu Machakos, shangazi yangu alikuwa amelazwa."

"Mutisya," nikaita, "uliniuliza sikio mara ngapi. Umesahau?"

"Huyo ni nani anaongea?"

"Ni mimi, Zena wa pasi."

Kuku wakalia tena.

"Aah, Zena," akasema kwa huruma, ile huruma ya kuzungumzia mgonjwa akiwa kitandani anasikia. "Zena amezeeka sana. Muombeeni."

Akakata.

Nilicheka. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya na uso. Nikasema anadanganya, anaogopa kanisa lake. Nilisema mara tatu, na kila mara sauti yangu ilifanana zaidi na ile niliyomdanganyia juu ya koti.

Becky akalichukua lile koti. Sasa hakuvaa glavu. Akageuza ndani, akatazama kitambaa kidogo cha shingoni, akatazama sana.

"Shosh. Hapa kumeandikwa anwani ya tovuti."

"Ya nini?"

"Ya mtandao. Ya kampuni iliyoshona. Sele alikufa themanini na nane."

"Sele alikuwa mbele ya wakati wake," nikasema.

Hakuna aliyecheka, na ulikuwa mzaha mzuri.

Akatoa karatasi zake. Akatafuta jina langu mahali pote lilipokuwa, na lilikuwa mahali pengi, kumbe alikuwa ameniandika vizuri. Akalikata moja moja mbele yangu, mstari mnyoofu, bila hasira, kama mwalimu anayesahihisha. Alipomaliza akaweka viatu na maikrofoni na koti juu ya kitanda changu.

"Nilikuwa naenda kukuweka ukurasa wa kwanza," akasema. "Kwa wale wa kushukuriwa."

Akaondoka kurudi Thika. Hakuaga.

Mimi nikangoja Sumeya naye ainuke. Hakuinuka. Alikaa kwa kile kigoda, akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Hayat, mshike Zainab mkono. Tunakwenda naye Murera."

"Mama, huyu?"

"Huyu. Hawezi kubaki hapa leo, si unaona walivyojaa mlangoni."

Kweli walikuwa wamejaa. Wamboi alikuwa ameweka beseni chini, na wengine watatu hawakuwa hata na beseni. Nikavaa viatu. Nikafunga mlango. Nilipopita, mmoja akaniuliza, "Shosh, arusi ni lini?" nikamwambia mahari bado inajadiliwa.

Gari ni la Hayat, dogo, safi. Yeye akaendesha. Sumeya akakaa nyuma pamoja nami, fimbo katikati yetu. Nikafikiri, huyu mwanamke ana moyo kuliko nilivyodhani. Nikafikiri hata niombe msamaha wa Jumatano.

Tukapita Ruiru mjini. Barabara ya Murera ilipoanza vumbi, Sumeya akapandisha kioo cha dirisha lake.

"Mutisya alishaniambia zamani," akasema.

Nikadhani sikusikia.

"Mwaka wa tisini na sita. Alikuja Murera na miguu, akakaa kwangu, akalia mpaka chai ikapoa. Akanieleza yote. Kulia kwanza. Sikio. Kuanza tena. Kila ulichosema leo kuhusu kuoshwa ni kweli."

"Basi mbona amenikana?"

"Nilimpigia jana nikamwomba akane. Hakutaka. Nikamwambia ana deni langu la machozi, akakubali."

"Na yale uliyosema kwangu, ati hujui nani alikuwa naye..."

"Nilisema uongo. Unafikiri ni wewe pekee umejaliwa?"

Nikamtazama. Miaka yote najiona fundi, kumbe fundi mwenyewe nilimkalisha kwa kigoda.

"Kwa nini, Sumeya?"

"Nilitaka leo useme kweli na usiaminiwe na mtu, kwanza. Ndiyo ujue utakaloniambia humu ndani, hata ukitoka ukaligeuza, hakuna wa kukusikiliza tena. Becky hatakusikiliza. Plot yako haitakusikiliza. Tumebaki mimi na wewe na huyu."

"Kuniambia nini? Nimekwambia alivyooshwa."

"Kuoshwa si neno. Mutisya alimuosha kwa moyo, Mungu amlipe. Mimi nataka ile saa ya kabla. Nilikutafuta, Zainab. Ulihama Thika arobaini haijafika, hukumwambia mtu. Nikatafuta Juja, nikatafuta mpaka Nairobi, nikakata tamaa. Halafu msichana wa chuo akaniletea jina lako kwa karatasi, limepigwa chapa, na mahali unapokaa."

Hayat akapunguza mwendo. Nilimwona kwa kile kioo cha mbele. Ana macho ya Sele, sikuwa nimetaka kuyaangalia mchana kutwa.

"Kuna kitu kimoja Mutisya aliniambia ambacho wewe umekiruka leo," Sumeya akasema. "Aliniambia asubuhi ile aliposukuma mlango wa chumba chako, alimkuta Sele sakafuni anatafuta pumzi, ana mguu mmoja tu wa kiatu. Na wewe umekaa juu ya meza ya pasi. Unacheka."

Hayat akatoa gari kando ya barabara, akazima injini. Akageuka kwenye kiti, mwili mzima, mtoto aliyezaliwa asubuhi ile ile.

"Sele alikuwa anakuja hospitali kutuona," Sumeya akasema. "Hakufika. Niambie, Zainab. Ulikuwa unachekea nini?"

Ubaya ni kwamba nakumbuka vizuri.